Shingo ya Mama Kipkosgei

Siku ya ajali, watu wa Kapsoit walikuwa wanatoka Longisa wakiwa wameshiba na wamefurahi. Walikuwa wamekwenda kumposea Kipkosgei, mwana wa kwanza wa Aron na Caren Chepkemboi, na wazee wa upande wa msichana hawakuwa wagumu. Ng'ombe walikubaliwa kabla ya chakula, nyama ikaliwa, maombi yakaombwa, na mama yake Edinah, huyo bibi arusi mtarajiwa, akawafungia wageni kibuyu kikubwa cha mursik, yale maziwa ya mgando, cha kwenda nacho nyumbani.

Caren alikaa kiti cha nyuma cha gari la mbele, katikati ya mashangazi wawili wanene. Nyuma yao ilifuata pikapu ya Gibson, jirani yao wa miaka mingi. Gibson ndiye aliyekuwa msemaji wa msafara, maana ana sauti na hajui aibu. Aliendesha akiimba. Kibuyu cha mursik kilikuwa kando yake kwenye kiti, kimefungwa mkanda kama abiria.

Karibu na Litein kuna matuta. Gari la mbele likapunguza mwendo, kisha likasimama kumpisha mwanamke aliyekuwa anavusha ng'ombe. Wakati huohuo kibuyu kikaponyoka kwenye mkanda. Gibson akanyoosha mkono akidake. Akakidaka kweli, lakini pikapu nayo ikaenda moja kwa moja ikalivaa gari la mbele kwa nyuma.

Caren alihisi kichwa chake kikitupwa nyuma, halafu mbele, kama mtu aliyeitwa na watu wawili kwa pamoja. Halafu mashangazi wakaanza kumwita Yesu.

Gibson akashuka amekumbatia kibuyu, maziwa yamemmwagikia kuanzia paji la uso hadi kwenye tai.

"Watu wako sawa?" akauliza. "Maziwa imebaki nusu."

Walicheka hadi wakashika mbavu. Hata polisi aliyefika kupima barabara alicheka kabla ya kukunja uso na kuanza kazi. Alimuuliza kila mmoja kama ameumia. Ilipofika zamu ya Caren, akajibu, "Mimi niko sawa kabisa, afande." Na kwa kuwa wimbo waliokuwa wakiimba garini ulikuwa umekatizwa, akauanzisha tena palepale kando ya barabara, akaucheza kidogo. Shangazi mmoja akampiga video na kuituma kwenye kundi la familia kabla gari halijawashwa.

Kesho yake asubuhi, Caren aliamka ili awashe moto. Aligeuka kumwangalia Aron. Shingo ikakataa. Akajaribu kukaa, na maumivu yakamshuka kutoka kisogoni hadi kiunoni kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

"Aron," akaita, macho kwenye dari.

"Mbona hunitazami? Nimekukosea nini?"

"Siwezi kugeuka."

"Kwani nimesema nini jana?"

"Aron! Ni shingo!"

Hospitalini Kericho walimpiga eksirei. Daktari, mwanamke mpole mwenye miwani, alimwambia hakuna mfupa uliovunjika, lakini nyama na mishipa inayoshika shingo na sehemu ya chini ya mgongo imevutika vibaya. Akamvisha kola ya shingo, akampa dawa, na kumwandikia mazoezi ya viungo ya kila wiki.

"Na hakuna kubeba kikapu," akasema daktari.

"Hadi lini?"

"Hadi nikuambie."

Caren alitaka kucheka, lakini kucheka nako kuliuma. Mtu akimwambia mama wa Kapsoit asibebe kikapu cha majani ya chai, ni kama kumwambia apumue siku za Jumapili tu. Shamba lao la chai liliteremka kutoka nyuma ya jikoni hadi kwenye kijito, na Caren ndiye aliyekuwa akilichuma. Mikono yake ilijua kazi hata akiwa anaongea mambo ya watu wengine. Aliweza kumaliza mistari yake na habari zote za kijiji kwa wakati mmoja.

Sasa akawa anakaa kwenye kiti barazani, mgongo umeegemezwa mto, akimtazama Aron akihangaika huko chini. Akitaka kuangalia kulia, ilimbidi ainuke ageuze mwili mzima. Aron alikuwa fundi mzuri wa mbao, ila chai haikuwa kazi yake. Alichuma majani mazee pamoja na machanga, hata vijiti, na kule kituo cha kupimia karani akamrudishia nusu ya mzigo.

"Mzee, hii ni ya chai ama ni ya mbuzi?"

Ikabidi waajiri mchumaji, msichana hodari aliyeitwa Mongina. Kumlipa yeye, kulipa mazoezi, kulipa nauli ya kwenda mjini kila wiki, yote yalitoka mfuko uleule uliokuwa unakusanya pesa za arusi. Kipkosgei akaanza kusema kwamba arusi inaweza kungoja. Hilo lilimuuma Caren kuliko shingo.

Na kulikuwa na video. Ile video ilikuwa imetoka kwenye kundi la familia ikaingia kundi la kanisa, ikatoka huko ikaenda mahali ambapo hakuna ajuaye. Kila aliyemwona Caren na kola yake alikuwa amemwona pia akicheza. Mwanamke mmoja alimuuliza baada ya ibada, kwa sauti tamu, "Mama Kip, hiyo kitu unalala nayo, ama ni ya kutembea tu?"

Caren alitabasamu. Alipofika nyumbani, akalia.

Gibson alifika jioni hiyo na mkate na sukari. Alikuwa akija karibu kila siku tangu ajali, kila mara na kitu mkononi, kila mara akiomba msamaha upya kama hajawahi kuomba. Siku hiyo hakukaa.

"Mama Kipkosgei," akasema, "nataka unishtaki."

Aron akaweka kikombe chini. "Ati nini?"

"Anishtaki. Mimi nimelipa bima ya hiyo pikapu tangu Kipkosgei akiwa darasa la pili. Sijawahi kurudishiwa hata kalenda. Sasa nimewapigia simu, wanasema ajali ilikuwa ndogo, na abiria mwenyewe alimwambia polisi yuko sawa. Wanasema hawatatoa kitu."

"Gibson," akasema Caren, "mtu hawezi kumpeleka jirani yake kortini. Tutaangaliana vipi kanisani?"

"Wewe hata huwezi kuniangalia. Shingo haigeuki." Akavua kofia. "Nakuomba. Mimi ndiye nilikuumiza. Nikiwa na pesa ningelipa mwenyewe na tusingekuwa tunaongea. Sina. Lakini kuna watu ambao kazi yao ni kulipa, na wanakataa. Basi nishtaki."

Caren alifikiria siku kadhaa. Kilichomaliza kusitasita kwake ni simu. Mtu wa bima alimpigia akiwa barazani, akamuita mama kwa heshima nyingi, akamwambia kampuni inaweza kumtumia kitu kidogo ili mambo yaishe.

"Sisi wote tunajua hakuna ugonjwa hapo, mama. Tumeona video. Wewe chukua tu hii ya soda."

"Wewe ni kijana wa nani?" Caren akamuuliza.

"Mama?"

"Nimeuliza wewe ni kijana wa nani, kwa sababu hakuna mama aliyekufundisha kumwambia mtu mzima kwamba ni mwongo." Akakata simu. Halafu akaita kwa nguvu kupita ua, "Gibson! Washa gari!"

Mjini Kericho, wakili Maxine alikuwa na ofisi ndogo juu ya duka la viatu. Alikuwa binti wa mfanyakazi wa kiwanda cha chai aliyetoka upande wa ziwa, na alikuwa amezaliwa na kukulia Kericho. Alimsikiliza Caren hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akamtazama mwanamume aliyekaa kando yake na kofia magotini.

"Na huyu mzee ni nani?"

"Ndiye tunamshtaki," akasema Caren.

Maxine akaweka kalamu chini. "Na amekuja kufanya nini?"

"Amenileta."

Maxine alijitahidi sana asicheke. Akawaeleza kwamba kisheria kesi hufunguliwa dhidi ya aliyegonga, halafu kampuni ya bima humwekea wakili na kulipa akishindwa. Kwa hiyo ndiyo, Gibson angekuwa mshtakiwa.

"Hiyo ni sawa kabisa," akasema Gibson.

"Lakini mzee, huwezi kukaa hapa. Mimi ni wakili wa mama. Wewe ni upande ule mwingine."

Gibson akatoka kwa utii, akaenda kusimama upande ule mwingine wa barabara, akala mahindi ya kuchoma hadi walipomaliza.

Habari zilifika Kapsoit kabla yao. Caren amemshtaki Gibson! Watu walioishi kama ndugu! Wiki hiyo mchungaji akakusanya wazee, wakavaa makoti, wakaja asubuhi mapema kuokoa urafiki huo. Walipofika uani hawakumwona mtu barazani. Walisikia sauti za maziwa yakigonga ndoo. Walipozunguka nyuma ya nyumba, wakamkuta Gibson amechuchumaa chini ya ng'ombe wa Caren, akikamua, na Caren amesimama wima kwenye kola yake akimwelekeza.

"Hiyo titi ya nyuma usiisahau."

"Sijasahau, Mama Kip."

Mchungaji akakohoa. "Tumekuja... tumekuja kuwapatanisha."

Gibson akainua uso. "Kumpatanisha nani na nani?"

"Wewe na Mama Kipkosgei. Si mna kesi?"

"Ehe, tunayo," akasema Caren. "Ni ya mwezi ujao. Karibuni chai."

Wazee wakanywa chai ya maziwa hayo, wakaelezwa habari ya bima tangu mwanzo, na mmoja wao, aliyekuwa na lori, akaondoka akiwa na mawazo mengi.

Siku ya kesi, ukumbi mdogo wa korti ulijaa watu wa kanisa. Kampuni ya bima ilikuwa imemtuma wakili Mageto, mwanamume nadhifu mwenye sauti laini. Nje, kabla ya kuingia, alimvuta Gibson kando.

"Mzee, mimi ndiye wakili wako. Ukiulizwa, jibu kwa kifupi. Mkataba wako wa bima haukuruhusu kukubali kosa ovyo ovyo. Umeelewa?"

"Nitaapa kwa Biblia ama kwa mkataba?"

Mageto akamtazama kidogo. "Kwa Biblia."

"Basi nimeelewa."

Caren alitangulia kutoa ushahidi. Mageto hakumkaripia. Alimwonyesha tu video kwenye kompyuta, na ukumbi mzima ukamwona Caren kando ya barabara ya Litein, kitambaa kimeteleza kichwani, mabega yakipanda na kushuka. Wengine wakacheka. Caren alihisi uso ukimwaka.

"Ni wewe huyo, mama?"

"Ni mimi."

"Na ajali ilikuwa imetokea?"

"Ilikuwa imetokea."

"Na ulimwambia polisi uko sawa?"

"Nilimwambia. Mheshimiwa hakimu, naweza kuongea?"

Hakimu, mama wa makamo, akaitikia kwa kichwa.

"Siku hiyo kijana wangu alikuwa amepata mke. Nilikuwa na furaha, na hakukuwa na damu, na watu wote walikuwa wanacheka. Nilicheza kwa sababu shingo ilikuwa bado haijaniambia kitu. Iliniambia asubuhi. Tangu hiyo asubuhi sijainama kuosha miguu yangu. Mzee wangu ndiye ananiosha. Sisi si watu wa kusema mambo kama hayo mbele ya watu, lakini nimesema. Mimi si mwongo."

Hakuna aliyecheka tena. Aron alikuwa amekaa safu ya mbele, akiangalia viatu vyake.

Daktari akaja, akaeleza kwa lugha rahisi kwamba shingo iliyotikiswa hivyo mara nyingi haiumi papo hapo. Mwili ukiwa na mshtuko au msisimko huficha, na uvimbe huja baadaye, baada ya saa kadhaa au hata kesho yake. Mageto akamuuliza maswali machache, akapata majibu yaleyale. Kisha akamwita Gibson, akitumaini angalau kumgawia kosa dereva wa gari la mbele.

"Mzee Gibson, lile gari la mbele lilisimama ghafla?"

"Hapana. Lilisimama polepole, kwa adabu."

Mageto akasafisha koo. "Wewe ulikuwa kwa mwendo wa kawaida?"

"Nilikuwa naimba."

"Nimeuliza mwendo."

"Mwendo wa wimbo."

Ukumbi ukacheka. Hakimu akagonga meza, lakini naye alikuwa ameinamisha uso.

"Macho yako yalikuwa wapi, mzee?" hakimu mwenyewe akauliza.

"Kwa kibuyu, mheshimiwa. Kilikuwa kinaanguka. Nilifikiria mursik ya wakwe ikimwagika, itakuwa aibu. Sikufikiria watu walio mbele. Ningefikiria watu." Sauti ya Gibson ikapungua, jambo ambalo hakuna mtu wa Kapsoit aliyewahi kulisikia. "Mimi sasa ndiye namkamulia huyu mama ng'ombe. Kila asubuhi namwona akitoka jikoni ameshika ukuta. Akiniona anauachilia ukuta, anatembea kama hana kitu, ananiuliza habari ya watoto. Anafikiria sijaona. Mheshimiwa, mimi naona. Hiyo video ni ya dakika moja. Mimi nimeona hizo siku zingine zote."

Caren hakujua. Alikuwa ameuachilia ule ukuta kila asubuhi ili Gibson asizidi kujilaumu. Alitaka kumtazama, na kwa kuwa shingo haikuruhusu, akainuka na kugeuka mwili mzima, kortini, mbele ya hakimu, machozi yakimtiririka ndani ya kola. Hakuna aliyemwambia akae.

"Sina swali lingine," akasema Mageto, akakaa. Baadaye Maxine aliapa kwamba alimwona akipangusa miwani.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki chache. Hakimu alisema mtu anaweza kucheza leo na kesho ashindwe kuinuka kitandani, na daktari ameeleza sababu. Alisema kosa lote ni la dereva wa pikapu, asilimia mia. Gibson akapiga makofi, akaonywa. Caren akapewa fidia ya maumivu aliyoyapata, gharama za matibabu aliyokwisha kufanyiwa na ya mbele, na malipo ya mtu wa kuchuma chai kwa muda ambao yeye hawezi. Hazikuwa pesa za kununua gari. Zilitosha, na arusi haikungoja.

Nje, Mageto alimpa Caren mkono kwa uangalifu, kama mtu anayeshika yai. "Pole, mama. Uponaji mwema." Halafu akamgeukia Gibson. "Na wewe mzee, miaka yote ya uwakili sijawahi kushindwa na mteja wangu mwenyewe."

"Asante," akasema Gibson, ambaye alidhani amesifiwa.

Waliingia hoteli moja karibu na stendi wakala ugali na kuku wa kienyeji, kundi zima, na Maxine akalazimishwa kukaa kichwani mwa meza. Gibson alilalamika kidogo. Alikuwa amesikia kwamba bima yake itapanda bei mwaka ujao, na tena neno "uzembe" lilisomwa mara nyingi mno katika ile hukumu.

"Ulikuwa mzembe," Caren akamwambia.

"Najua. Lakini kwa nguvu hivyo? Na kwa Kiingereza?"

Aron alicheka hadi akapaliwa na mchuzi, akapigwa mgongo na Maxine.

Mazoezi yaliendelea miezi mingi. Kola ilitoka kwanza, kisha dawa. Baridi ya mwezi wa saba bado humkamata kiunoni, na siku hizo Caren hukaa karibu na moto bila kumwonea mtu aibu. Mongina alibaki kazini. Ikifika saa ya kazi Caren hushuka naye shambani, akachuma kidogo kwenye mistari ya juu, karibu na nyumba, na kuweka majani kwenye mfuko mwepesi aliofunga mbele. Akichoka hukaa chini ya kivuli cha mti wa krevilea na kuanza kumwambia Mongina ni kichaka kipi amekiruka.

"Mama Kip, hicho nimechuma jana."

"Jana ulichuma kile cha pili. Hiki umekiacha. Hata kinanong'ona."

Mongina hurudi, hukichuma huku akinung'unika, na Caren humwanzia habari za kijiji.